Aprili Ndiyo Desemba Yetu



Jioni hii nazungumzia sikukuu, na jibu langu nalitanguliza ili anayetaka kubishana nami aanze kujiandaa mapema. Mtu akiniuliza ni sikukuu ipi iliyo kubwa kuliko zote nyumbani kwangu, hapa Elerai katika jiji la Arusha, namwambia ni Pasaka. Ya pili ni Muungano, tarehe 26 Aprili. Krismasi naiweka ya tatu, na kuna miaka ambayo hata Mei Mosi huipita.

Najua wapo walioguna. Mimi ni Mmeru, nimezaliwa na kubatizwa katika usharika wa Kilutheri kwenye miteremko ya Mlima Meru, na huko kwetu Krismasi haikuwa na mshindani. Mama alianza kuficha unga wa ngano na mafuta ya kupikia tangu Novemba. Nguo mpya ilikuwa moja kwa mwaka, na ilivaliwa siku hiyo. Usiku wa mkesha matarumbeta ya usharika yalisikika yakishuka migombani, nasi watoto hatukulala. Hayo yote nayapenda hadi leo. Ila niliolewa na dereva wa watalii, na mwanamke akishaolewa na dereva wa watalii kalenda ya ukutani inabaki ya ukutani. Ya nyumbani inaandikwa upya.

Kwa msikilizaji aliye mbali na huku nieleze kidogo. Arusha inakula kwa msimu. Kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena kuanzia katikati ya Desemba hadi Februari, wageni wanajaa. Wanatua uwanja wa ndege wa KIA, wanalala mjini usiku mmoja, na asubuhi magari yanawachukua kwenda Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti. Wengine wanapanda Meru au Kilimanjaro, na nyuma yao wapo wapagazi, wapishi na waongozaji. Mwezi Machi masika yanaingia. Tope jeusi la Ndutu linameza magurudumu hadi ekseli, kambi nyingi za mahema zinakunjwa, wapishi wanapewa likizo, na magari yanapangwa gereji kusubiri vipuri. Hapo ndipo kina baba wa Arusha wanaporudi majumbani. Wanakaa. Wanagundua kwamba mtoto aliyekuwa darasa la tatu sasa yuko la nne.

Huku mtaani tuna namna yetu ya kusema. Uliza mtoto wa Elerai mwezi wa Desemba, "Baba yuko wapi?" Atakujibu bila kuinua macho kwenye mchezo wake: "Yuko porini." Hasemi kwa huzuni. Ni jibu la kawaida kama mtoto wa mvuvi kusema baba yuko baharini. Lakini mimi ninayelisikia jibu hilo kutoka mdomoni mwa mwanangu, tena tarehe 25 Desemba saa nne asubuhi, akiwa amevaa shati jipya, linanigusa kila mwaka.

Wiki ya Krismasi mtaa wetu unabadilika sura. Majirani zetu Wachaga wanaanza kuondoka kuanzia tarehe ishirini hivi. Hiyo ni safari inayojulikana nchi nzima: wanatoka Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma na Mbeya, wote wanaelekea Rombo, Marangu, Kibosho, Machame. Mabasi yanajaa, na tangu treni ya abiria iliporudi Moshi mwishoni mwa mwaka 2019, kisha ikafika Arusha Oktoba 2020, wapo wanaokuja nayo. Kutoka hapa Elerai hadi Moshi ni mwendo wa kama kilomita themanini tu, lakini wanaojiandaa wanajiandaa kana kwamba wanavuka mpaka. Jirani yangu wa upande wa kulia ananiachia ufunguo na kuku wake. Ananiambia, "Mama, mayai kula, kuku niachie." Geti linafungwa, na kwa siku kumi hivi upande ule wa ukuta husikii sauti ya mtu.

Tunaobaki ni Waislamu, walinzi, manesi walio zamu, wauza maduka ambao hawafungi, na familia za watu wa utalii. Ibada tunakwenda. Pilau tunapika. Watoto wanavaa nguo tulizozipigania sokoni Samunge na Kilombero, katika msongamano ule wa tarehe ishirini na nne ambao kila mama wa Arusha anaufahamu. Kisha tunangoja simu.

Mtandao porini ni wa kubahatisha. Mume wangu husubiri mpaka wapite Naabi, pale kilimani kwenye lango la Serengeti, ndipo apige. Anaongea haraka kwa sababu wageni wako msalani na watarudi sasa hivi. Watoto wanapokezana simu, kila mmoja anapata sentensi mbili. Halafu anasema, "Haya, wageni wangu hao," na simu inakatika.

Mara moja nilimuuliza wageni wa Krismasi wanakuwaje. Aliniambia kwamba wengi wanakuja kama familia. Baba, mama, watoto, mara nyingine na bibi na babu, wote pamoja kutoka Ujerumani au Marekani, kwa sababu huko kwao ndiyo likizo na ndiyo nafasi pekee waliyoipata mwaka mzima ya kukaa pamoja. Jioni kambini mpishi anawaokea keki, wafanyakazi wanazunguka meza wakiimba na kupiga makofi, na yule bibi wa watu anafuta machozi. "Unaona kabisa," aliniambia, "kwamba siku ile hawataisahau." Nililitafakari jambo hilo kwa muda mrefu. Kwamba kuna familia mahali inakusanyika kwa sababu mimi nimekubali ya kwangu isikusanyike. Sioni uchungu kulisema hivyo. Wale watu wamefanya kazi, wameweka akiba, wanastahili siku yao, na fedha wanayoiacha ndiyo inayolipa ada yetu ya Januari. Nataka tu ijulikane kwamba nyuma ya kila picha ya furaha iliyopigwa mbugani tarehe 25 Desemba, ipo nyumba Elerai, au Sombetini, au Kijenge, au Usa River, iliyochangia.

Sheria, kwa upande wake, inalitambua deni hilo kwa kiasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amlipe mfanyakazi mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa aliyofanya kazi siku ya sikukuu ya taifa. Ni kifungu kizuri. Lakini madereva na wapagazi wengi hawana mkataba wa mwezi. Wanaitwa safari kwa safari, wanalipwa kwa siku, na siku ya Krismasi inahesabiwa siku kama siku nyingine. Cha ziada wanachokipata ni tipu, na tipu ni moyo wa mgeni.

Sasa njooni Aprili.

Pasaka ya kwetu inaanza Alhamisi Kuu, mume wangu akiwa amevaa buti za mvua na kaptura, anazibua mtaro nyuma ya nyumba. Mvua ya masika huku haina adabu. Inashuka kutoka mlimani usiku na kuacha mawe barabarani. Mlima wenyewe hatuuoni kwa siku kadhaa mfululizo, umefunikwa na mawingu hadi miguuni. Ijumaa Kuu tunakwenda kanisani sote, benchi moja, na nawaambieni, kukaa benchi moja na mume kanisani ni jambo ambalo wanawake wengi hawalihesabu kwa sababu hawajawahi kulikosa. Jumapili tunaamka gizani kwenda ibada ya alfajiri, tunatembea kwenye matope na tochi za simu, matarumbeta yanalia, baridi inauma. Tukirudi nyumbani, mimi sipiki.

Ndiyo, sipiki. Mume wangu amejifunza kutoka kwa wapishi wa kambi supu ya maboga, ile wanayowapa wageni jioni kabla ya chakula kikuu, yenye tangawizi na krimu kidogo. Watoto wanaiita supu ya porini. Siku ya Pasaka wanaidai, na yeye anaipika akiwa amefunga kitambaa kichwani kama alivyowaona wapishi wakifanya, huku akiwasimulia habari za fisi aliyeingia jikoni kambini na kuondoka na sufuria. Mchana tunakula ndizi na nyama ya mbuzi. Jumatatu ya Pasaka tunapanda kwa wazazi wangu mlimani, tunakula loshoro, chakula chetu cha asili, watoto wanacheza mvuani mpaka bibi yao anapiga kelele.

Hiyo ndiyo sikukuu kubwa ya nyumbani kwangu. Haina geti lililopambwa wala nyimbo madukani. Ina watu wote.

Na Muungano? Hapa nitasema jambo ambalo pengine wanawake watanielewa haraka zaidi. Tarehe 26 Aprili haidai kitu. Haina nguo mpya, haina nauli iliyopanda, haina mgeni wa ghafla anayetarajia pilau, haina sadaka maalumu. Tunawasha televisheni, tunaangalia gwaride kama lipo, watoto wanauliza kwa nini Mwalimu Nyerere anaonekana kwenye ile picha ya zamani akichanganya udongo, na baba yao anawaeleza habari za 1964 kwa urefu mpaka wanajuta kuuliza. Tunalala mchana. Mvua inanyesha juu ya bati. Kama kuna mtu alikusudia siku hiyo iwaunganishe Watanzania, basi nyumbani kwangu imefanya kazi yake.

Kuna mzee mmoja, ndugu wa upande wa baba, aliyenikemea siku moja baada ya kunisikia nikizungumza hivi kwenye shughuli ya familia. Alisema, "Mwanangu, sikukuu ni za Mungu. Huwezi kuzipanga kwa kufuata watalii." Ni mzee ninayemheshimu, na sikumjibu pale pale mbele ya watu. Jibu langu nilimpelekea baadaye, tulipokuwa wawili, na leo nalirudia mbele yenu.

Nilimwambia: Baba mdogo, Pasaka yenyewe inahama. Inafuata mwezi. Ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake, kwa hiyo inaweza kuangukia mapema kama tarehe 22 Machi au kuchelewa hadi tarehe 25 Aprili, lakini nje ya hapo haitoki. Mwaka 2024 ilikuwa tarehe 31 Machi, mwaka 2025 ilikuwa tarehe 20 Aprili. Tazama sasa maajabu yake kwa mtu wa Arusha: kwa hesabu hiyo Pasaka haiwezi kutoroka masika. Walioipanga hesabu hiyo karne nyingi zilizopita hawakujua kwamba kuna mji utakaokuja kuishi kwa wageni wa mbugani, na bado wametupangia siku yetu mahali pale pale ambapo kina baba wako nyumbani. Mimi nalipokea jambo hilo kama zawadi. Mzee alicheka kidogo. Hakukubali, lakini alicheka, na Pasaka iliyofuata alikuja kwetu akanywa supu ya maboga.

Jirani yangu wa upande wa kushoto ni Mwislamu, mwenye asili ya Kondoa, na mumewe naye anaendesha wageni. Kwake hesabu ni ngumu kuliko yangu. Idi inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, inazunguka misimu yote kwa muda wa miaka thelathini na mitatu hivi. Kuna miaka ilipotukuta mvuani sote kwa pamoja: Idi el-Fitr ya 2023 na ya 2024 ziliangukia Aprili, mwaka 2025 ikawa mwisho wa Machi. Miaka hiyo mtaa wetu ulikuwa na raha isiyo na mfano. Mwaka 2026 Kwaresma na Ramadhani zilianza ndani ya wiki moja, tukafunga pamoja, yeye akinigongea ukuta kunijulisha kwamba magharibi imeingia ingawa alijua mimi sina futari ya kuwahi.

Lakini sasa Idi el-Fitr inatoka masika na kuanza kuingia kwenye msimu wa wageni. Itapita Machi, itafika Februari, itafika Januari. Mumewe ataanza kuswali Idi porini, kwenye msala uliotandikwa kando ya gari, kama wengine walivyofanya kabla yake. Jirani anajua. Ameshaanza kuwaandaa watoto. Ninapomsikia akizungumza nao habari hiyo kwa upole, naona kwamba mimi niliyekuwa nikijihurumia kwa ajili ya Krismasi nimepewa Pasaka isiyotoka masika, na yeye hana hata moja ambayo anaweza kuishika mkononi na kusema hii ni yangu kila mwaka.

Wapo watakaosema, basi mume akae tu nyumbani, sikukuu zote zitakuwa kubwa. Tulishaonja. Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, na mgonjwa huyo alikuwa hapa hapa Arusha, alitua KIA siku moja kabla. Ndani ya wiki chache wageni walikwisha. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230. Mwaka 2020 walikuja 620,867. Pasaka ya mwaka huo ilikuwa tarehe 12 Aprili. Kina baba walikuwa nyumbani kama kawaida ya masika, lakini safari hii masika hayakuwa na mwisho. Juni ikaja, Agosti ikaja, magari yamekaa gereji, nyasi zinaota chini yake.

Halafu ikaja Krismasi ya 2020, ile niliyokuwa nikiitamani miaka yote. Mume wangu alikuwepo. Alikaa nasi benchi moja kanisani. Tulirudi nyumbani, tukala wali na maharage, na yeye alikaa kibarazani mchana mzima akiangalia barabara. Watoto walimzunguka, wakamwomba supu ya porini, akasema boga halipo. Boga lilikuwepo. Mimi niliona, na nikanyamaza. Mwanaume aliyezoea kurudi na kitu mkononi alikuwa anaona aibu mbele ya watoto wake siku ya sikukuu, na hakuna neno la mke linaloweza kuiondoa aibu ya namna hiyo. Wenzake kadhaa mwaka huo walikwenda kuendesha bodaboda, wengine walirudi vijijini kulima, mmoja aliuza viatu vya mitumba Kilombero. Tangu hapo siisemi tena ile sentensi ya "laiti angekuwepo tu." Kuwepo kunataka na kazi ya kurudia. Pasaka yetu ina utamu kwa sababu ameshuka kutoka porini na mwezi wa Juni atapanda tena. Mwaka 2024 watalii wa nje walifika 2,141,895, na Desemba ya mwaka huo nyumba yangu ilikuwa tupu, na nilimshukuru Mungu.

Niseme kidogo na sikukuu nyingine za serikali, kwa sababu msikilizaji anaweza kudhani nazipima zote kwa tumbo la nyumba yangu. Nane Nane watoto wanaipenda kuliko mimi. Tunakwenda viwanja vya Themi kule Njiro, wanaangalia ng'ombe wakubwa na sungura, wananunua miche, tunarudi na vumbi. Nyerere, tarehe 14 Oktoba, naiheshimu kimya kimya. Saba Saba kwetu inapita tu.

Uhuru, tarehe 9 Desemba, ina uzito mwingine kwangu, na uzito huo haukutoka kwenye gwaride. Umetoka kwa bibi. Novemba 1951, miaka kumi kabla ya Uhuru, serikali ya Mwingereza iliwaondoa Wameru kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, upande wa kaskazini-mashariki ya mlima, ili ardhi ile wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, kijana wa Kimeru, alikwenda New York akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuieleza dunia, akiwa na mwanasheria Earle Seaton. Ardhi haikurudi wakati ule, lakini Watanganyika wengi walisikia kwa mara ya kwanza kwamba mtu mweusi anaweza kumshtaki mkoloni mbele ya mataifa. Chama cha TANU kilizaliwa miaka miwili baadaye. Bibi hakuwa na neno refu juu ya Uhuru. Alisema tu kwamba ilikuwa siku ambayo alijua hakuna atakayekuja tena kumtoa mtu nyumbani kwake. Kwa hiyo watoto wangu siku hiyo nawasimulia ya Luteni Alexander Nyirenda na mwenge juu ya Kilimanjaro, kisha nawasimulia ya Engare Nanyuki. Ningefurahi sana kama Novemba ingekuwa na siku yake hapa Arusha, hata isiwe ya mapumziko, shule zikasimama kwa nusu saa zikasimuliwa.

Na serikali yenyewe imetuonyesha kwamba siku inaweza kubaki na heshima yake hata namna ya kuiadhimisha ikibadilika. Mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru, tukashika mafagio na makoleo kufanya usafi nchi nzima. Mwaka 2022 Rais Samia aliamuru shilingi milioni 960 zilizotengwa kwa sherehe zijenge mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Uhuru haukupungua. Hata mzee wangu yule nilimkumbusha hilo.

Sasa nina ombi, na nalielekeza kwa wenye makampuni ya utalii wa mji huu, wakubwa kwa wadogo. Najua Desemba hamuwezi kufunga. Hakuna anayewaomba hivyo. Lakini mnapopanga safari, andikeni mahali nani alikuwa porini Krismasi iliyopita na nani alikosa Idi. Aliyekosa mwaka huu apewe nafasi ya kwanza mwaka ujao. Dereva Mwislamu achukue wageni wa Krismasi, dereva Mkristo achukue wageni wa Idi. Wapo wanaofanya hivyo tayari kwa kuelewana wenyewe gereji, bila ofisi kujua, na wageni hawajawahi kulalamika. Likiwa jambo la ofisini, hata yule kijana mgeni kazini asiye na wa kubadilishana naye atapata zamu yake.

Na ninyi kina mama wenzangu mlioolewa na madereva, wapagazi na wapishi wa milimani, acheni kuwaambia watoto kwamba Krismasi imeharibika. Waambieni ni siku ya kwenda kanisani na kula vizuri, na kwamba sikukuu ya baba inakuja na mvua. Wangu wameshaelewa. Ikifika Machi, mawingu yakianza kushuka mlimani, mdogo ananiuliza kama boga limeshanunuliwa.

Jirani yangu wa kushoto naye amepiga hesabu zake. Idi el-Fitr inatukimbia, lakini Idi ya Kuchinja inakuja nyuma yake, inarudi kutoka Juni kuelekea Mei na Aprili. Mwaka 2029 Pasaka itakuwa tarehe 1 Aprili, na Idi ya Kuchinja, mwezi ukiandama kama inavyotarajiwa, itaangukia tarehe 24 Aprili au karibu na hapo, siku mbili kabla ya Muungano. Tumeshakubaliana. Mbuzi wa Pasaka natoa mimi, wa Idi anatoa yeye, na ukuta ulio kati yetu utatobolewa mlango, kwa sababu mume wake na mume wangu wote watakuwepo na fundi hatahitajika.